Mvua Tuliyoiomba

Wewe uliyetoka kwa daktari leo na karatasi mfukoni ambayo hutaki mtu aione, kaa kwanza. Kunywa chai. Mimi nimepita huko nikarudi, na nataka kukusimulia nilivyopita. Si kwamba mimi ni shujaa. Waulize watu wa kwetu Mumbuni, watakuambia nilivyokuwa nikifumba macho hata kabla sista hajafungua sindano. Ni kwamba wakati wangu nilitafuta mtu wa kunisimulia nikamkosa. Watu walinipa maandiko. Maandiko ni mazuri, lakini mimi nilitaka mtu wa kuniambia kwamba dawa zitageuza mkojo uwe mwekundu, na kwamba nisipige kelele nikiuona.

Kifua kikuu kilinishika mwaka wa El Nino. Ndiyo maana nikikumbuka ugonjwa nakumbuka maji, na mara nyingine siwezi kutenganisha ni maji yapi yalikuwa ya mvua na yapi yalikuwa ya homa.

Kabla ya maji kulikuwa na vumbi. Misimu miwili ilikuwa imetupita mikono mitupu. Ng'ombe walikuwa wakila nyasi za paa, na akina mama walichimba mchanga wa mto hadi kiunoni kupata kata moja ya maji. Mwezi wa Agosti kanisa letu likatangaza siku ya kufunga na kuombea mvua, tukapanda kilimani. Siku za kazi mimi nilikuwa fundi wa cherehani, nikishona yunifomu za shule kwenye baraza moja mjini, lakini Jumapili nilikuwa mwalimu wa watoto, na jina la Mwalimu ndilo lililonishika. Niliwapanga watoto wangu mbele, nikawaambia waombe bila aibu. Baba haombwi kijiko, nikawaambia, huombwa debe. Wakapaza sauti, "Mungu, jaza mito!" Nami nikapaza yangu, na katikati ya neno nikakohoa, nikafuta mdomo kwa leso, nikaona damu. Nikaikunja ile leso, nikaisukuma ndani ya sidiria, nikaanzisha wimbo mwingine.

Homa ilikuwa inakuja jioni, saa kumi na moja hivi, na haikuja kwa ukali. Ilinichukua taratibu, miguu kwanza. Kuta zilisogea mbali, sauti ya cherehani ya jirani ikawa inatoka chini ya ardhi, nami nikawa mwepesi, nikipendezwa na kila kitu. Nakuambia hili ili usidanganyike. Kuna saa ambapo ugonjwa huu ni mtamu.

Asubuhi utamu wote ulikuwa umelowa kwenye shuka. Nilipungua hadi pete ya ndoa ikaanguka kwenye uji. Mwezi wa Septemba nikaenda hospitali. Asubuhi tatu nilikohoa makohozi ndani ya kikopo, nikakifunga kwa karatasi, nikakibeba mkobani pamoja na sega langu. Siku ya nne wakaniambia ni TB: miezi miwili ya sindano kila siku pamoja na vidonge, halafu miezi sita ya vidonge pekee.

Nyumbani mambo yakaharibika kimyakimya. Mume wangu, Baba Ndinda, alikuwa anafanya kazi kiwandani Athi River na kurudi Jumamosi. Aliposikia, akasema nikapimwe pia ule ugonjwa mwingine, ambao siku hizo watu walikuwa wakiutaja kwa macho tu. Nikamwambia twende wote wawili, tuketi kiti kimoja. Tukaenda. Hatukuwa nao, wala yeye wala mimi, lakini Jumamosi mbili zilizofuata hatukuwa na la kuzungumza. Mama yake, ambaye tulikuwa tukiishi naye, akaniandalia chumba cha nje, kilichokuwa cha kuwekea mahindi. Akanipa kikombe changu, sahani yangu na kijiko alichokifunga uzi mwekundu. Hakuwa mbaya. Alikuwa anamlinda mjukuu wake Ndinda, mwenye miaka tisa, ambaye alikuwa akija kusimama mlangoni akinisimulia habari za shule kwa sauti ya juu kana kwamba nilikuwa kiziwi.

Kliniki ya kifua ilikuwa na benchi moja refu nje, chini ya mabati, mbele ya ukuta uliopakwa rangi ya kijani hadi nusu. Tulikaa kwa mpangilio wa kuwasili, tukisogea kila mtu akiitwa. Kwenye benchi hilo ndipo nilipokutana na Nduku. Alikuwa na miaka kama ishirini na sita, mwembamba kuliko mimi, na alianza sindano wiki moja nami. Alikuwa akiishi na mama yake ng'ambo ya mto wa mchanga, na kila siku alitoka kwao giza halijaisha, akavuka mchanga, akatembea mpaka barabarani kutafuta usafiri. Wodi ilikuwa imejaa. Walikuwa wakilazwa wale wasioweza kutembea, na kosa la Nduku lilikuwa kwamba aliweza.

"Wewe si ni yule mwalimu wa kanisa?" aliniuliza siku ya kwanza. "Hata wewe imekushika?"

"Imenishika."

"Ai! Basi hakuna mahali pa kujificha." Akacheka hadi akakohoa, akakohoa hadi sista akatoka kumtazama.

Nduku hakuwa mtu wa kanisa sana, lakini hakumwacha Mungu apumzike. Alikuwa akimtaja kama mtu anavyomtaja mjomba tajiri asiyejibu barua. "Mwalimu, nasikia mlienda kuomba mvua," akaniambia. "Mwambieni ingoje nimalize sindano. Hiyo mto ikijaa mimi napitia wapi?" Nilimwambia Mungu anajua hesabu zake. "Sawa," akasema, "lakini mkumbushe. Mtu mkubwa akiwa na kazi mingi husahau."

Alinichekesha kila siku. Kwenye benchi lile, tukiwa tumekalia tako moja kwa sababu la pili lilikuwa limechomwa sindano, nilisahau kijiko cha uzi mwekundu. Kama una sindano mbele yako, tafuta mtu wa kucheka naye kabla ya kutafuta mtu wa kukuombea. Nasema hivi na mimi ni mtu wa maombi.

Wiki ya pili mawingu yalianza kujikusanya upande wa milima ya Iveti. Nduku akayatazama, akanigeukia. Hakucheka.

"Mwalimu, ulisema uko na kachumba ka nje. Mimi sihitaji kitanda, niko na mkeka yangu. Nikae na wewe hii miezi mbili tu. Nikimaliza sindano naenda."

Nikaona haraka haraka sura ya mama mkwe. Nikamwona Baba Ndinda akifika Jumamosi na kukuta wakohozi wawili badala ya mmoja. Nikasema, "Ningependa sana, Nduku. Hebu niiweke kwa maombi."

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Ombea."

Kama wewe si mtu wa makanisa yetu, lazima nikueleze. Kwetu mtu aliyeokoka hamwambii mwenzake hapana. Anasema nitaliombea. Ukiomba msaada ukajibiwa hivyo, unashukuru, unaelewa, unaenda kujaribu mlango mwingine, na hakuna aliyekosana na mwingine. Ni desturi ya heshima, na nilikuwa nimeitumia maisha yangu yote bila kuwaza. Nduku alielewa. Hakuniuliza tena. Nami sikuliombea, hata siku moja.

Kisha mvua ikaja.

Ilianza mchana, nikiwa nimelala. Nilisikia mabati yakinong'ona, halafu yakaongea, halafu yakapiga kelele, na Ndinda akawa anaruka uani akiimba. Majirani walitoka nje wakalowa makusudi. Mama mkwe aliinua uso akafungua mdomo kama kuku, nami nikalia kwa furaha, kwa sababu watoto wangu waliomba debe na debe lilikuwa limekuja. Siku ya tatu hatukuimba tena. Wiki ya pili matuta ya shamba yalibomoka, njia zikawa mito, na mito yenyewe sijui niiite nini.

Sindano zilikuwa zimeanza kucheza na masikio yangu. Kulikuwa na mlio, mwembamba, usioisha, na sikuweza kujua kama ni wadudu wa mvua au ni dawa. Nilitembea nikishika ukuta. Nilikwenda kliniki nimejifunika gunia la nailoni, nikakaa kwenye benchi, na kila asubuhi sista alitoka na kadi mkononi akaita, "Nduku! Nduku hayuko?" Akairudisha kadi kwenye sanduku. Mchana nilipolala niliota mto unapita katikati ya chumba changu, polepole, ukibeba viatu vya watoto, na watoto wenyewe wako kilimani wanaimba, na kila neno linalotoka midomoni mwao ni maji. Nilitaka kuwaambia watosheke. Mlio wa masikio ukameza sauti yangu. Niliamka nikagusa sakafu kwa mkono, ilikuwa kavu, nikalala tena, mto ukaendelea pale ulipoishia.

Katikati ya Novemba mvua ilipumzika siku chache. Mwanamke mmoja mzee akaja kliniki akiwa na matope hadi magotini na kiondo begani. Hakukaa kwenye benchi. Alikwenda moja kwa moja kwa sista.

"Nimeleta kadi ya watu," akasema, akitoa ile kadi ndogo ambayo mgonjwa hukaa nayo nyumbani. "Na hizi dawa zilibaki. Zisiharibike, kuna mwenye atazitaka."

Sista akazipokea, akageukia ukuta wa kijani, akakaa hivyo. Yule mzee akaja akakaa karibu nami. Akaniambia kwamba walikaa siku ishirini na mbili wakiutazama mto. Kila asubuhi Nduku alikuwa akishuka ukingoni, akisimama, akirudi. Vidonge pekee havikumsaidia, sindano haikuwepo, na siku za mwisho alibebwa ili auone tu.

"Wewe ndiye Mwalimu?" akauliza. "Alikuwa anakutaja. Alisema uko na maneno ya kuchekesha."

Na unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Pole, mwaitu. Mungu ana mipango yake." Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Nilimwita mama, kisha nikampa hayo. Alinitazama kidogo, akachukua kiondo chake, akaondoka.

Sindano zangu ziliisha mwisho wa mwezi huo. Nikabaki na vidonge, nikawa naenda kliniki mara moja kwa mwezi. Mwili ulianza kurudi kwa vipande: kwanza hamu ya isyo, yale mahindi yetu ya kuchemsha, yenye maharagwe mengi, halafu mapaja, halafu nywele zikaacha kukatika kwenye kitana. Mkojo ukawa mkojo. Ila mlio wa sikio la kushoto ulibaki, na upo mpaka leo ninapoandika. Mwezi wa Januari mahindi yalisimama kuliko mtu mrefu, maembe yakaoza chini kwa wingi, na kanisani mchungaji alikuwa akisema, "Mungu ni mwema!" na watu wakajibu, "Wakati wote!" kwa mioyo yao yote, kwa sababu matumbo yalikuwa yameshiba. Mimi nilikuwa nikifungua mdomo, neno halitoki.

Swali lilikuwa linanizunguka kichwani kama nzi. Kama Mungu aliisikia sauti ya watoto wangu, basi alimsikia na Nduku pale ukingoni, siku ishirini na mbili. Kama mvua ile ilitoka kwake, ilitoka yote, pamoja na ile iliyokata njia. Na kama haikutoka kwake, kama ni mawingu tu yalifanya kazi yao, basi tulipanda kilima kwenda kuzungumza na nani? Mchungaji alinitembelea, akanywa chai kwa kikombe cha kawaida, jambo ambalo sitalisahau, akaniambia Mungu huwa na sababu. Nikamwomba anitajie moja tu. Akatabasamu, akasema tuombe. Niliinamisha kichwa nikahesabu vifungo vya shati lake.

Nilimkasirikia Mungu mpaka kukasirika kukawa ndiyo sala yangu. Nikishona, nikipepeta maharagwe, nilikuwa nikimshtaki. Niliacha kuwafundisha watoto; nilisema bado nina udhaifu.

Mwezi wa Machi mama mkwe aliniruhusu kurudi nyumba kubwa. Siku ya kuhama nilifagia kile chumba cha nje, nikatoa kitanda na ndoo, kikabaki kitupu. Nikasimama na ufagio. Nafasi kati ya kitanda changu na mlango ilikuwa hatua nne kwa tatu. Mkeka ungeenea. Mikeka miwili ingeenea, na kiti. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Miezi minne nilikuwa nimemweka Mungu kizimbani, mimi nikiwa mwendesha mashtaka na shahidi, na hakuna siku nilijiuliza nilikuwa wapi mimi.

Usinielewe vibaya. Hilo halikumtoa Mungu kizimbani. Mto uliwakatia njia watu wengi ambao sikuwajua, na wao chumba changu kisingewatosha. Lile swali lao bado ninalo. Lakini la Nduku, sehemu yake, lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa chumba kile, ambacho ufunguo wake nilikuwa nao mimi.

Vidonge viliisha mwisho wa Mei, baridi ikianza. Baba Ndinda alikuwa amelainika. Alinunua mbuzi, akatangaza kanisani kwamba Jumapili itakuwa ya shukrani na mke wake atatoa ushuhuda. Alifanya kwa upendo, na nilishona nguo mpya. Siku hiyo niliposimama mbele, watu walikuwa tayari na vigelegele. Nikasema nimepona, nashukuru waliobeba uji, namshukuru sista. Kisha nikasema, "Kulikuwa na mwenzangu kwa benchi anaitwa Nduku. Aliniomba mahali pa kulala ndio asikatwe na mto. Nilikuwa na nafasi. Nilimwambia nitaombea. Sikuomba. Amekufa. Sijui nitamshukuru Mungu namna gani kwa kunichagua mimi."

Mchungaji akaanzisha wimbo, wakamfuata wachache. Baba Ndinda hakula mbuzi wake mwenyewe. Njiani aliniuliza kwa uchungu, "Si ungeniambia mimi kwanza?" Nikamwambia sikuwa najua nitasema mpaka niliposema. Aliyenishangaza ni mama mkwe. Nilimkuta jikoni akifungua ule uzi mwekundu kwenye kijiko, kwa meno, kwa sababu fundo lilikuwa limekaza. "Mama Ndinda," akasema bila kunitazama, "hata ungeniuliza, ningekataa." Tukaosha vyombo pamoja.

Jumatatu nikavuka mto. Maji yalikuwa yamerudi chini ya mchanga, mtu angeweza kupita na viatu. Nilimkuta mama yake Nduku akichambua mbaazi uani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilitarajia anifukuze au alie. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha.

"Alinieleza," akasema. "Nilimwambia wewe ni mgonjwa kama yeye na uko na mama mkwe. Nilimwambia angoje, Ngai atafungua njia." Halafu akainua upande wa kanga yake, akafunika mdomo, akakohoa. Kikohozi kile nilikijua. Ningekitambua sokoni katikati ya watu elfu.

"Imeanza lini, mwaitu?"

"Tangu tupande maharagwe."

"Chukua nguo zako," nikamwambia.

Alibisha kuhusu kuku. Tulibishana kuhusu kuku hadi jua likafika katikati, mwishowe tukawapeleka kwa jirani. Jioni hiyo alilala kwenye chumba cha nje, mama mkwe akampelekea chai yeye mwenyewe. Asubuhi ya kwanza ya sindano nilikwenda naye. Tulikaa kwenye benchi, tukisogea kila mtu akiitwa, ukungu ukiwa bado uani na wagonjwa wakija kutoka ndani yake mmoja mmoja, vichwa vyao kwanza.

"Mwalimu," akasema, "ile siku ulisema Mungu ana mipango yake. Bado unasema hivyo?"

"Hapana, mwaitu. Mto ulimzuia, na mimi nilimzuia. Mungu sijui alikuwa wapi."

Akaingiza mikono ndani ya kanga.

"Alikuwa kwangu," akasema. "Kila asubuhi nikiwasha moto nilikuwa namtukana. Namtukana mpaka maji inachemka. Hakutoka."

Sista akaita jina lake. Alinipa kiondo chake nimshikie, akainuka kwa kushika goti langu, akaingia.